Maswali ya Gereji: Bushi mpya, miezi mitatu, kwisha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109, Series III pickup ya mwaka 1976, niliyoachiwa na marehemu baba. Ilikuwa inayumba barabarani, na kila nikikanyaga breki kitu kinagonga chini, "tok". Fundi wa hapa mjini alisema bushi za springi zimekufa. Nikanunua seti nzima, akafunga kwa siku moja tu. Gari likatulia, nikamshukuru. Sasa ni miezi mitatu, ile "tok" imerudi, na nikichungulia uvunguni naona mpira wa bushi umechanika na kutokeza pembeni kama ulimi wa mbwa aliyekimbia. Muuzaji anaapa bushi ni nzuri, fundi anaapa ni feki. Nimwamini nani? Na safari hii nataka kufunga mwenyewe. (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kumwamini yeyote, kamuulize fundi wako jambo moja: wakati anakaza zile bolti kwa mara ya mwisho, gari lilikuwa juu ya jeki au lilikuwa limesimama kwa matairi yake? Akisema "juu ya jeki, si ndiyo kazi inavyofanyika?", basi umempata mgonjwa na ugonjwa wake.

Chukua bushi moja mpya uitazame mkononi. Ina bomba la chuma kwa nje, ina bomba dogo la chuma kwa ndani, na katikati yake pana mpira. Mpira huo umegandishwa kwenye chuma kiwandani, haukuingizwa tu. Bomba la nje linabanwa kwa nguvu ndani ya jicho la springi, yaani lile tundu la mwisho wake, au ndani ya chesisi, halizunguki. Bomba la ndani linabanwa na bolti katikati ya vibapa viwili vya sheko, kile kiungo kinachoning'iniza springi kwenye chesisi, nalo halizunguki. Sasa springi ikipanda na kushuka, kinachotembea ni nini? Ni mpira peke yake, unasokotwa kidogo upande huu, unarudi, unasokotwa upande ule, unarudi. Hakuna chuma kinachosugua chuma, ndiyo maana bushi ya aina hii haihitaji grisi.

Ukikaza bolti matairi yakining'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani pake. Kisha unashusha jeki. Uzito wote wa Land Rover unakaa, springi inajinyoosha, sheko inahama, na mpira unasokotwa hata kabla gari halijawashwa. Unalala umesokotwa, unaamka umesokotwa. Halafu unaingia kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, unausokota zaidi pale ambapo ulikwisha fika mwisho. Miezi mitatu ni mingi hata hivyo, nimeona zikifa kwa wiki sita.

Sitaki kumtukana mwenzangu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mingi, kwa sababu gari likiwa juu spana inapata nafasi, mikono inapata nafasi, na mwenye gari amekaa kwenye benchi anatazama saa. Aliyenizindua ni mzee mmoja dereva, hakuwa fundi, aliyekuwa akinirudishia gari lile lile kila baada ya msimu wa mvua. Mara ya nne akaniuliza, "Kijana, mbona bushi za kiwandani zilikaa miaka kumi na za kwako hazifiki krismasi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaenda kusoma kitabu cha gari, kile ambacho sote tulikuwa tunakitumia kuwekea chupa za chai.

Haya, kuzifunga mwenyewe. Kazi ya kufunga ni nusu saa kila bushi, kazi ya kutoa ndiyo inayokula siku na vidole.

Lijue kwanza gari lako. Kwenye Series, springi za mbele zina sheko zake mbele kabisa, zinaning'inia chini ya bampa, na upande wa nyuma wa springi hiyo umefungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Springi za nyuma zina sheko nyuma. Kila springi ina bushi kwenye macho yake mawili, na nyingine zimo ndani ya chesisi yenyewe pale sheko inaposhika. Wanaokwambia "nimebadilisha zote" mara nyingi wamebadilisha za kwenye springi tu, za chesisi wameziacha kwa sababu ni ngumu kutoa. Zihesabu mwenyewe.

Jambo la pili linalowaadhibu vijana: vibapa viwili vya sheko havifanani. Kimoja kina matundu matupu, kingine matundu yake yana thredi. Bolti inapita kwenye kile kitupu, inapita ndani ya bushi, kisha inajifunga kwenye kile chenye thredi, halafu nje yake ndipo inakaa nati ya kuishika isilegee. Nimeona mtu anafungua ile nati, kisha anaipiga bolti nyundo ya kilo tatu nusu saa nzima, anashangaa kwa nini haitoki. Itatokaje wakati imefungwa kwa thredi? Toa nati, kisha ifungue bolti kama unavyofungua bolti yoyote.

Mara nyingi itakataa. Kutu imeishikisha bolti na bomba la ndani la bushi, miaka arobaini ya matope si mchezo. Dalili yake ni hii: unazungusha spana robo mzunguko, ukiachia inarudi yenyewe kama mlango wenye springi. Huo ni mpira unakurudisha, bolti na bomba vinazunguka pamoja. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, subiri hadi kesho, jaribu tena. Ikikataa, chukua grenda yenye jiwe jembamba, kata bolti kwenye ule upenyo kati ya kibapa na jicho la springi, pande zote mbili. Bolti mpya utanunua, ulikuwa uzinunue tu.

Usimwite mtu wa gesi. Najua kuchoma mpira ni rahisi, unatoa moshi mweusi, unanuka, dakika tano umemaliza. Lakini kwenye pickup kama yako tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, si mbali na pale springi ya mbele inapoishia nyuma. Ukishindwa kabisa na ukalazimika kutumia moto, basi iwe kwenye springi iliyokwisha kutolewa, imewekwa uwanjani, mbali na gari.

Bushi iliyo ndani ya chesisi itoe hivi. Toboa mpira kwa drili, matundu mengi kuzunguka bomba la ndani, mpaka bomba hilo lidondoke. Kwangua mpira uliobaki. Sasa limebaki bomba la nje, jembamba, limeshikana na chesisi kana kwamba vilizaliwa pamoja. Fungua uwembe wa msumeno wa chuma, upenyeze kwenye tundu, ufunge tena kwenye fremu yake, na ukate bomba kwa ndani, kwa urefu wake wote. Kata mstari mmoja, kisha mwingine sentimita moja pembeni. Ukate polepole, na kila baada ya misumo kumi hivi chomoa, futa kwa kitambaa, mulika tochi. Bomba likikaribia kuisha mlio wa msumeno unabadilika, unakuwa mzito. Hapo simama. Patasi nyembamba na nyundo ndogo, bomba linakunjika kwa ndani lenyewe na kutoka kama ganda la muwa.

Nasema "mulika tochi" kwa sababu siku moja sikumulika. Nilikuwa naongea mpira na jirani, Simba na Yanga walikuwa wamecheza jana yake, na nikamaliza bomba nikaingia milimita mbili kwenye chesisi ya watu. Ilibidi kuchomelea na kusawazisha upya kwa tupa ya duara, siku mbili, bila malipo. Na bomba la chesisi lililochomelewa halirudi kuwa duara kamili, bushi mpya ilikaa lakini roho yangu haikukaa.

Za kwenye springi ni hivyo hivyo, ila ukishatoa springi unaweza kuibana kwenye vaisi (wazee wetu waliita jiliwa) ukafanya kazi umesimama kama binadamu. Kama majani ya springi yenyewe yamechoka, fikiria springi mpya. Kwa kawaida huja na bushi zake machoni, umejiepusha na nusu ya kazi.

Tundu likishakuwa wazi, lisafishe kwa brashi ya waya na msasa mpaka ling'ae. Kijitundu kimoja cha kutu kilichobaki kitaipindisha bushi ikiwa inaingia.

Usiku wa kuamkia siku ya kufunga, ziweke bushi mpya kwenye friza. Chuma kikipoa sana husinyaa kidogo, na hicho kidogo utakishukuru. Zifunge kwenye mfuko wa nailoni mara mbili. Mama watoto aliwahi kukuta bushi sita zimelala juu ya sato wake, na mfuko ulikuwa umepasuka. Sitaeleza yaliyosemwa.

Kuingiza sasa. Nyundo weka mbali. Tafuta nondo ya thredi yenye nati mbili, washa nene, na vipande viwili vya bomba: kimoja chenye upana sawa na ukingo wa nje wa bushi, cha kusukumia, kingine kipana kuliko bushi, cha kupokelea upande wa pili. Soketi kubwa za spana hufaa pia. Pitisha nondo katikati, panga vyote, paka oili nyembamba kwenye chuma cha nje cha bushi peke yake, kisha kaza nati taratibu. Bushi itaingia ikilia kidogo. Ikianza kuinama, rudisha, panga upya.

Angalia hicho kipande cha kusukumia kinagusa wapi. Lazima kiguse ukingo wa bomba la nje tu. Ukisukuma kwenye bomba la ndani au kwenye mpira, nguvu yote inapita kwenye ule mgando wa mpira na chuma, unaachia kabla bomba la nje halijasogea. Kwa macho bushi itaonekana nzima. Imekwisha kufa kabla ya kufungwa. Fundi anayepigilia bushi kwa nyundo na soketi ndogo iliyokaa katikati anakuuzia maiti.

Baada ya hapo rudisha springi na sheko, bolti mpya, paka grisi ya shaba kwenye bolti pale inapopita ndani ya bomba la ndani ili mtoto wako atakayeifungua asinilaani. Mpira usiuguse. Funga bolti kwa vidole, kisha spana kidogo tu, vibapa visicheze. Funga magurudumu yarudi mahali pake. Shusha gari. Toa jeki kabisa, isibaki hata imegusa. Simama kwenye bampa urukeruke, nenda nyuma urukeruke, lisukume gari mbele na nyuma mita mbili tatu ili springi zikae pale zinapotaka. Kama gari hili kazi yake ni kubeba mahindi kila siku, weka magunia kadhaa. Ndipo uingie uvunguni ukaze, bolti kwanza, nati ya kuishika baadaye, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye shimo la gereji kazi hii ni dakika ishirini. Kama huna shimo, chini ya Land Rover mtu mwembamba anaenea, mshukuru aliyeiunda.

Zile bolti zenye umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi nazo zikaze gari likiwa chini, na uzirudie baada ya wiki moja ya kutembea. Zikilegea, utasikia "tok" ile ile na utazilaumu bushi bure.

Sasa, feki. Muuzaji wako hajaachiliwa. Bushi mbaya zipo tele. Itazame kwa pembeni: bomba la ndani linapaswa kuwa refu kidogo kuliko la nje, kwa sababu ndilo linalobanwa na vibapa. Yakiwa sawa, vibapa vitabana jicho la springi na kila kitu kitasuguana. Kisha ingiza ukucha kwenye mpaka wa mpira na chuma kuzunguka duara lote. Ukipata pengo, irudishe dukani. Na unapokwenda kununua beba ile ya zamani pamoja na kipimo, maana za mbele na za nyuma, za chesisi na za springi, usidhani zote ni saizi moja kwa kuwa zinafanana sura.

Ile iliyokaa miezi mitatu, kabla hujaitupa, ipasue kwa msumeno. Ukikuta mpira umechanika katikati kwa mshazari, ni kukaziwa juu ya jeki. Ukikuta mpira mzima lakini umebanduka kwenye chuma, safi kama ganda la yai, basi ama ni mgando mbovu wa kiwandani ama ni nyundo. Utajua umfuate nani.

SWALI: Mzee, heshima yako. Nina Peugeot 504 saloon, niliambiwa iliunganishwa hapa hapa Mombasa. Mkono wa mbele unapiga kelele kila nikipita matuta, kama kitanda cha chuma. Mafundi wa mtaani hunipulizia oili chafu iliyochanganywa na dizeli kwenye bushi, kelele zinaisha siku mbili tatu, kisha zinarudi zikiwa mbaya zaidi. Kuna oili bora? (Msomaji, Changamwe)

JIBU: Waambie waache leo. Oili na dizeli huvimbisha mpira wa asili na kuulainisha, unakuwa kama maandazi yaliyolowa chai. Kelele inaisha kwa sababu umetia mafuta, na inarudi kubwa kwa sababu mpira umepungua nguvu. Mchezo huu nimeuona pwani na bara, na unapendwa kwa sababu ni wa bure: oili iko kwenye debe, dawa ya dakika moja.

Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978 kwa umbo la kupe. Mashimo hayaliogopi. Kinachoimaliza 504 ya mtaani ni pampu ya mkono yenye oili chafu.

Osha eneo hilo kwa maji na sabuni, likauke, kisha weka mtaimbo kati ya mkono na fremu, ukanyage taratibu. Bushi nzima inapaswa kuyumba kidogo na kurudi. Ukiona mkono unahama na kubaki, au mpira umepasuka kuzunguka, badilisha kulia na kushoto pamoja. Na yale niliyomwambia ndugu wa Mafinga yanakuhusu neno kwa neno: bolti ya mkono wa chini ikazwe matairi yakiwa ardhini. Kama kelele ni ya ukavu tu, yaani ukimwagia maji inanyamaza na ikikauka inarudi, paka kidogo sana mafuta ya silikoni. Hayo hayali mpira.

SWALI: Assalamu alaykum. Niko Muscat, nina Series IIA fupi ya 88 ninayoitengeneza pole pole, gari la kutembea Ijumaa. Hapa napata bushi za poliyurethani, wananiambia hazifi. Nizichukue? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Waalaykumu salaam. Hazifi upesi, hilo kweli, na kufunga kwake ni raha: vipande viwili unasukuma kwa mkono, bomba la chuma katikati. Hizi zenyewe huzunguka kwenye bomba lake, hazisokotwi, kwa hiyo unaweza kukaza hata gari likiwa juu. Lakini kwa kuwa zinazunguka zinataka grisi yake maalumu, na mchanga ukichanganyika na grisi hiyo utasikia mlio kila ukipanda kwenye kidaraja. Pia ni ngumu, kila kokoto itakufikia mgongoni, na Series haikuwa kiti cha enzi hata ilipokuwa mpya.

Gari la Ijumaa mimi ningelifunga mpira. Ukiamua kuchukua poliyurethani, usisahau kwamba mara nyingi bomba la nje la bushi ya zamani lazima litoke nalo, wengi huliacha ndani wakalazimisha. Na kile kifuko cha grisi kilichomo kwenye boksi usikitupe, utakihitaji tena mwakani.